Kitambaa cha Kijani Mguuni mwa Kuku

Arua, Ijumaa, baada ya swala ya mchana

Kwa dada yangu Madina,

Nakusalimu kwa amani, wewe na nyumba yako yote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mguu uliokuwa ukivimba wakati wa mvua umepoa. Shemeji Faruk hajambo? Na Mama je, anakula? Tombe aliniambia kwamba alipopita kuchukua matenga ya kuku alimwona ameketi nje anachambua maharagwe. Nikafurahi siku nzima, maana mtu anayechambua maharagwe ana mpango wa kesho. Mimi ni mzima. Mikono tu ndiyo imechoka. Maji ya moto ya kunyonyolea kuku yamenitoa tena ngozi ya vidole, na mgongo unaniuma kwa kuinamia meza. Lakini nasimama, nanyonyoa, na jioni nalala kama gunia.

Utajiuliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Simu yako, dada, ni ya ukoo mzima. Ukipokea tu, shemeji anaongeza sauti, majirani wanasogea, nami naishia kusema kila kitu ni sawa. Safari hii si kila kitu ni sawa. Jumanne ijayo gari jeupe litafika nyumbani kwako Koboko, na waliomo watataka kuona kuku wako. Mimi nitakuwa ndani ya gari hilo. Kabla halijafika nataka usikie kutoka kwangu kwa nini linakuja, ili uamue mwenyewe kama utalifungulia lango. Tombe nimemwambia akupe barua hii mkononi, asimpe mtu mwingine. Usicheke mwandiko. Wewe ulifika sekondari, mimi niliishia darasa la sita, na siku hizi kalamu yangu imezoea kuandika namba za chupa tu.

Hizo chupa ndizo nitakazoanza nazo. Mwaka jana nilikwambia nimeongezewa kazi, lakini sikukueleza vizuri kwa kuwa mimi mwenyewe sikuielewa. Serikali ina mpango wa nchi nzima wa kufuatilia vijidudu vinavyoingia kwenye chakula, vile vinavyoleta kuhara na homa, na kujua dawa zipi bado zinaviua na zipi zimeshindwa. Hospitali zinatoa choo cha wagonjwa, wachinjaji tunatoa matumbo ya wanyama, maabara inavipanda kwenye visahani pamoja na dawa na kungoja kuona kipi kinaota na kipi kinakufa. Huku kwetu walichagua banda letu la kuku lililo nyuma ya soko. Kila Alhamisi nilitakiwa kuchukua kuku wanne wa watu wanne, kutoka mahali mbalimbali, bila kuchagua sura. Nakata ule utumbo wa mwisho, natia chupani, naandika kwenye karatasi kuku ametoka wapi, nafunga kasha la barafu. Kisha Rashida wa maabara anakuja na pikipiki yake kulichukua.

Rashida unamjua, ingawa hukumjua jina. Ni yule mwanamke mfupi wa koti jeupe aliyekuja kitandani kwa Mama mwezi wa tatu. Najua hupendi kukumbushwa siku zile, lakini nivumilie. Mama alianza kuhara damu, ukampeleka kwenye kituo cha afya, wakampa dawa ya siku tano. Akaimaliza, hali ileile. Wakambadilishia nyingine, hali ileile, na homa ikapanda mpaka akawa anaita majina ya ndugu zake waliokufa. Tombe akashusha matenga yake yote akamlaza Mama kwenye gari akamleta Arua. Hapo ndipo Rashida alipochukua choo chake akakipanda. Baada ya siku tatu alituonyesha kile kisahani. Dawa nne kijidudu kilizikataa, kikaota mpaka ukingoni kabisa mwa kila tone la dawa. Ya tano tu ndiyo ilikuwa imekila pembeni, kama nondo alivyokula nguo. Daktari akamtundikia hiyo ya tano siku saba, na leo Mama anachambua maharagwe. Bila kile kisahani wangeendelea kubahatisha mpaka tungechimba kaburi. Nataka ukumbuke hilo unapoendelea kusoma.

Sasa, wiki mbili zilizopita walikuja wageni kutoka Kampala. Nilidhani wamekuja kukagua kuku. Kumbe wamekuja kutukagua sisi tunaokagua. Wanazunguka nchi nzima kutazama kama mpango wenyewe unafanya kazi: kama barafu inafika ikiwa barafu, kama karatasi zinasema kweli, kama watu wa hospitali na watu wa mifugo wanapeana habari au kila mmoja anakaa na yake. Mkubwa wao ni daktari anayeitwa Viktoria, mwanamke mrefu, mpole, asiye na haraka. Alikuja bandani na viatu vya mpira, akasimama kando ya meza yangu tangu asubuhi mpaka nilipomaliza kuku wa mwisho, na hakuziba pua hata mara moja. Nikamheshimu kwa hilo.

Kisha akaniomba tuketi kwenye benchi. Akafungua karatasi zangu, zote, za mwaka mmoja na nusu, zaidi ya chupa mia mbili na sabini, mwandiko wangu mbovu kila mstari. Aroi, Dadamu, Koboko. Aroi, Dadamu, Koboko. Akanieleza polepole kwamba jambo moja linamsumbua. Katika wilaya nyingine, kuku wa kijiji hiki wana kijidudu hiki, wa kijiji kile wana kingine, na wengi hawana kitu. Lakini kuku wangu, wa Aroi, wa Dadamu, wa Koboko, karibu wote wana kijidudu kimoja kinachokataa dawa zilezile, kwa mpangilio uleule. Alisema ni kama watu watatu wa vijiji vitatu ambao hawajawahi kuonana, na kila mmoja ana kovu moja mahali pamoja. Na Kampala, akasema, wameshaanza kuandika kwamba kuku wa mkoa wetu wote wako hivyo.

Rashida alikuwa amesimama hapo anangoja kasha lake. Yeye alikuwa akinitania hilo tangu mwaka jana. Kila Alhamisi aliniuliza, "Yasiri, hii kuku yako yote iko na mama moja?" nami nacheka, naendelea kuosha kisu. Siku hiyo hakutania. Alitazama chini ya meza, na Daktari Viktoria akatazama alipotazama yeye. Pale chini, dada, kulikuwa na lundo la vitambaa vya kijani.

Unavijua. Ni vile unavyovichana kutoka kitenge cha zamani cha Mama na kufunga kuku wako mguuni ili wasichanganyike na wa wengine kwenye gari la Tombe. Kila mwenye kuku ana alama yake, huyu uzi mwekundu, yule mpira mweusi, na mimi nikichinja nakata alama naitupa. Alama za wengine zilikuwa kule kwenye meza ya wenzangu. Chini ya meza yangu ya Alhamisi zilikuwa za kijani peke yake.

Daktari aliinama akaokota kimoja. Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Hiki ni cha nani?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa na uongo mwingine tayari mdomoni, mzuri tu. Lakini nilimkumbuka Mama akiita wafu, nikachoka, dada. Nilichoka kuliko ninavyochoka kwa kazi. Nikasema, "Ni cha dada yangu. Kuku wote ni wa dada yangu."

Acha nikueleze kwa nini nilifanya hivyo, si kwa kujitetea. Mwanzoni nilijaribu njia ya haki. Nilikwenda kwa wafanyabiashara na karatasi yangu nikiwauliza kuku wametoka wapi. Walinikimbia. Ilikuwa imevuma sokoni kwamba mwenye kuku atakayekutwa na kijidudu, kuku wake wote watachomwa moto na yeye kufungiwa biashara. Mzee Lukumani, yule anayeleta kuku wa Aroi, nilipomuuliza alinitazama juu mpaka chini akasema, "Kuku yangu ilitoka kwa yai. Andika hivyo." Watu wakacheka soko zima, na wiki mbili nzima wakawa wananiita Mzee Matumbo.

Lakini si kicheko tu kilichonishinda. Unajua tulivyolelewa. Mgeni akija, Mama hakamati kuku yeyote tu. Anazunguka uani, anatazama, anamshika yule mnene mwenye manyoya yanayong'aa, huyo ndiye wa mgeni. Yule dhaifu anafichwa nyuma ya jiko ili mgeni asimwone. Sasa serikali ilikuwa imekuja kwangu kama mgeni ikiomba kuku. Niliwaza, niwape wa Lukumani, wenye macho mekundu na mavi mpaka mkiani, ili Kampala waseme watu wa huku kwetu West Nile ni wachafu? Kuku wako walikuwa wazuri kuliko wote sokoni. Hakuwahi kuja hata mmoja mgonjwa. Nikawa nawachagua hao, kila Alhamisi, na ili karatasi ionekane sawa niliandika Aroi kwa mmoja, Dadamu kwa mwingine. Nilidhani naulinda uso wetu. Sikujua kwamba aliyetaka kuku yeyote tu, ukimpa aliye bora umemdanganya.

Daktari Viktoria alisikiliza yote. Aliponiuliza kuku wako wanakunywa nini, nilijibu wanakunywa maji, nikanyamaza. Hilo nitalirudia. Kisha akatoa rula na kalamu, akapiga mstari kwenye ukurasa wa kwanza wa karatasi zangu, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Mwaka na nusu wa mkoa wetu, umefutwa mbele ya macho yangu. Nilifikiri nimefukuzwa. Nilianza hata kuvua aproni. Akaniuliza naenda wapi. Akasema amezunguka wilaya kumi na moja akiambiwa kila mahali kwamba kila kitu ni kizuri, na mimi ni mtu wa kwanza kumwonyesha palipovunjika, kwa hiyo nikae tupatengeneze. Tajiri wa banda yeye hakuwa mpole hivyo. Amenitoa kwenye meza ya kuchinja akaniweka kwenye kunyonyoa peke yake, na ndiyo maana vidole viko hivi. Sinung'uniki.

Kuanzia hapo nimeamua, dada, na sitarudi nyuma. Jana ilikuwa Alhamisi. Nilikwenda kwa Mzee Lukumani asubuhi kabla hajafungua matenga, nikamwambia mbele ya watu kwamba chupa zote za mwaka na nusu uliopita zilikuwa za kuku wa dada yangu mwenyewe, na kwamba dada yangu hajachomewa kuku hata mmoja. Akacheka mpaka akashika tumbo, akasema kumbe Mzee Matumbo alikuwa anajichunguza mwenyewe. Halafu akaingiza mkono kwenye tenga bila kutazama, akanitolea kuku mmoja mwembamba, kipara shingoni. Nikaandika Aroi. Kwa mara ya kwanza niliandika Aroi na ilikuwa Aroi kweli. Huwezi kujua nilivyojisikia. Niliishika ile chupa kama yai.

Nilipata na wengine wawili, mmoja wa Dadamu, na mmoja wa mama ambaye hakutaka kusema jina lake, nikaandika hivyohivyo. Chupa tatu. Karatasi inataka nne, lakini niliacha mstari wa nne mtupu. Rashida alipohesabu chupa akanitazama, nikamwambia leo ni tatu. Akaandika tatu.

Sasa narudi kwenye lile la maji, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Miaka mitatu iliyopita, kideri kilipoingia Koboko na kuku wako wakawa wanakufa ishirini kwa siku, ulinipigia simu unalia. Nilikuja na pakiti imefungwa kwenye gazeti. Nilikwambia ni dawa ya kuku, nimepewa na daktari wa mifugo wa hapa Arua, uifungue na kumwaga unga wake kwenye maji ya kunywa, na usiache hata kuku wakipona. Uliiita dawa ya daktari. Mpaka leo unaiita hivyo, na umewafundisha majirani zako wawili. Nilipokuletea pakiti ya pili nilikuelekeza duka la kuinunua huko huko Koboko, ukawa unainunua mwenyewe.

Hakuna daktari aliyenipa, Madina. Sikumwona daktari yeyote. Niliona mwenzangu mmoja hapa bandani anawapa kuku wake vidonge, nikaingia duka la dawa nikanunua vilevile, vya rangi mbili, nyekundu na njano. Ni dawa ya watu. Niliongeza jina la daktari kwa sababu nilijua ukisikia ni mimi tu, Yasiri wa darasa la sita, usingeniamini, na kuku wangeendelea kufa. Na kideri dawa ile haikiponyi hata kidogo, Rashida ameniambia. Waliopona walipona wenyewe. Lakini tangu siku ile kuku wako wanakunywa dawa kila siku, na vijidudu vilivyo matumboni mwao vimejifunza kuishi nayo, kama sisi tulivyojifunza kuishi na moshi wa jiko. Na moja ya zile dawa nne zilizoshindwa kwa Mama ni hiyohiyo ya rangi mbili.

Nilimuuliza Daktari Viktoria kama ni kuku wako waliomwangusha Mama. Nilirudi kwake siku ya pili nikamweleza habari ya maji, kisha nikamuuliza hilo. Hakunipa jibu la kunifurahisha wala la kuniua. Alisema hajui. Alisema inaweza kuwa kuku, inaweza kuwa maji ya kisima, inaweza kuwa nyama ya sokoni, na ili kujua lazima wachukue kutoka kwa kuku, kutoka kwenye maji, na walinganishe na kile cha Mama ambacho Rashida amekihifadhi kwenye barafu mpaka leo. Ndiyo maana ya gari jeupe.

Kwa hiyo ukisikia kwamba kosa ni lako, si lako. Wewe ulifuata maneno ya daktari ambaye mimi nilimtunga. Nimelala na jambo hili miezi tangu Mama augue, nikiogopa kulitazama. Sasa nimelitazama.

Nitakwambia na yaliyo magumu, usije ukasema nimekuficha tena. Dawa ile uiache leo, usingoje Jumanne. Kuku waliokwisha kuinywa wasiuzwe wala kuliwa mpaka siku zitakazotajwa zipite. Baadhi watadhoofika, huenda wengine wakafa. Watu wa gari hawachomi kuku na hawafungi biashara. Kuku wako wataandikwa kwa namba, si kwa jina lako. Rashida atakuja na chanjo ya kideri, ile ya kudondosha jichoni, na atakufundisha wewe na wale majirani zako wawili. Hao majirani mimi mwenyewe nitakwenda mlango kwa mlango kuwaambia nilichokwambia. Usinisaidie katika hilo. Shemeji Faruk atakasirika. Mwambie hasira yake aniwekee mimi, nitakuja kuichukua.

Ukiamua kutofungua lango, ni haki yako, na hakuna atakayelivunja. Mimi nitateremka, nitakaa nje kwenye lile jiwe la kunolea mapanga, mpaka utakapotaka kuniona. Nimeomba ruhusa ya siku mbili.

Nisalimie Mama, umwambie mwanawe anakuja na asimpikie chochote kikubwa. Nisalimie shemeji, na wote wanaosikiliza simu yako. Ndani ya bahasha utakuta kitambaa kimoja cha kijani. Ni kile alichokiokota daktari, nilimwomba akanirudishia. Jumanne tukifika, kifunge mguuni mwa kuku utakayetupa. Usizunguke uani ukitazama. Usimchague mnene. Fumba macho, dada, ingiza mkono, mshike yeyote utakayemkuta.

Ni mimi mdogo wako,
Yasiri